Hatua 252

Nimefundisha riadha kwa miaka 31 katika shule za sekondari, nyingi zikiwa Mbulu na Babati, na kiwanja changu cha mbio nilikichora mwenyewe kila mwaka. Futikamba, kamba ya katani, vigingi, ndoo ya chokaa. Chokaa ikikosekana, majivu ya jikoni. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia mashindano, alfajiri nipo uwanjani na kopo langu naanza upya. Ndiyo maana Aprili ya mwaka jana, mwanangu aliponifikisha Olympia, kule Ugiriki ilikoanzia michezo ya Olimpiki, tulioingia nao wakawa wanapiga picha za kilima na mawingu, mimi nikawa nimeinama. Nilikuwa natafuta mstari.

Upo. Ni wa mawe.

Mwanangu anasoma Patras, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki. Nilipostaafu akanitumia tiketi, akaniuliza, "Mama, Ugiriki unataka kuona nini?" Nadhani alitegemea niseme bahari. Nikamwambia nataka kuona walikoanzia. Tukapanda basi asubuhi hadi Pyrgos, tukabadilisha gari, tukashuka Olympia kabla ya saa sita. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mahali pakavu penye mawe matupu kama ninavyoona kwenye picha za Ugiriki. Kumbe ni bondeni, mito miwili inapokutana, Kladeos na Alpheios, chini ya kilima chenye misonobari kinachoitwa kilima cha Kronos. Nyasi mbichi, na miti iliyochanua maua ya rangi ya waridi kabla hata ya kutoa majani. Kijani chake kilinikumbusha Mbulu mwezi wa nne.

Uwanjani unaingia kwa kupita njia ya mawe yenye urefu wa mita 32, ambayo zamani ilikuwa na paa la matao. Leo limebaki tao moja tu. Ukitokeza upande wa pili unakuta uwanja wa udongo, mrefu na mwembamba, umezungukwa na kingo za nyasi. Hakuna viti. Watazamaji zaidi ya 40,000 walikaa chini kwenye majani, juani, kipindi cha joto kali la Julai na Agosti. Viti vya mawe walikuwa navyo waamuzi peke yao. Mimi nilikuja nikiwaza jumba la kifalme, nikakuta uwanja wa shule, na machozi yakanilengalenga.

Mstari wenyewe ni mabamba ya mawe yaliyopangwa kukata uwanja, ukingo hadi ukingo. Kwenye mabamba wamechonga mifereji miwili myembamba inayokwenda sambamba. Hapo ni mahali pa vidole vya miguu: mguu mmoja mfereji wa mbele, mwingine wa nyuma. Waliondoka wakiwa wamesimama, mikono imenyooshwa mbele. Kila baada ya nafasi fulani pana tundu la mraba lililokuwa linasimikwa mti wa kumtenganisha mkimbiaji na mwenzake, na mstari mzima unatosha watu 20. Aliyeanza kabla ya wenzake alichapwa fimbo palepale, mtu mzima, mbele ya umati. Nilivua viatu nikaingiza vidole. Jiwe lilikuwa na baridi, na mfereji ulinikaa sawasawa.

Kisha nikapima. Hatua zangu nazijua, kwa sababu miaka ambayo futikamba yetu ilikuwa imekatika ndizo nilizotumia: 13 ni mita 10. Kutoka mstari wa mawe wa upande mmoja hadi wa upande mwingine nilihesabu 252. Vipimo vya wataalamu ni mita 192.27, ambayo kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa 250. Hatua mbili nadhani ni za umri.

Urefu huo kwa Wagiriki ulikuwa futi 600, na walisimulia kwamba Herakles, shujaa wao, ndiye aliyeupima kwa nyayo zake mwenyewe, unyayo baada ya unyayo. Waliuita *stadion*, na ndilo neno lililozaa stediamu. Lakini futi za mji huu hazikuwa futi za mji ule. Uwanja wa Delphi nao ni wa futi 600 na haufiki mita 180. Hilo nililielewa mara moja. Niliwahi kuhamia shule ambayo mwalimu aliyenitangulia alikuwa mrefu sana, na "mita mia" yake ilikuwa inakaribia 110. Watoto wale walikuwa wanakwenda wilayani wanashangaa mbio zimekuwa fupi, wanashinda.

Mbio za urefu huo mmoja, kutoka jiwe hadi jiwe, ndizo zilizoanzisha yote. Orodha za Wagiriki wenyewe zinamtaja mshindi wa kwanza, mwaka 776 KK: Koroibos wa Elis, na inasemekana kazi yake ilikuwa upishi. Kwa mashindano 13 ya mwanzo, karibu miaka 50, watu walisafiri kwa meli na kwa miguu hadi bonde lile kuangalia mbio moja inayokwisha kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Mwaka 724 KK wakaongeza ya kwenda na kurudi, na miaka minne baadaye mbio ndefu, urefu mara 20 au zaidi. Kona hawakuwa nazo. Mkimbiaji alifika mwisho, akauzunguka mti, akarudi. Mtu yeyote aliyewahi kuchora kona ya kiwanja kwa kamba na kigingi, kisha akahesabu ni mita ngapi amsogeze mbele mtoto wa njia ya sita ili asionewe, ataelewa kwa nini nilikaa nikiutazama ule unyoofu.

Baadaye yakaja mieleka, ngumi, magari ya farasi, na mbio za watu waliobeba ngao na kuvaa kofia za vita. Hayo sikuyafuata sana. Mimi ni mtu wa mbio.

Kitu kilichonishika zaidi kipo ukingo wa upande wa pili, mkabala na viti vya waamuzi: madhabahu nyeupe ya mawe. Ilikuwa ya mungu wao wa kike Demeter, na kuhani wake alikaa hapo wakati wa mashindano. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa hata kuvuka mto siku zile. Adhabu iliyotajwa ilikuwa kutupwa kutoka kilele cha mlima Typaion. Yeye kuhani, peke yake, alikaa mbele ya maelfu ya wanaume akaangalia. Wanasimulia pia habari za Kallipateira, mjane wa ukoo wa mabondia wa Rhodes, aliyejivika nguo za mkufunzi ili amwone mwanawe akipigana. Kijana aliposhinda, mama akaruka kizuizi kwa furaha, nguo zikamfunua. Walimsamehe kwa heshima ya baba yake, kaka zake na mwanawe, wote washindi wa pale, lakini tangu siku hiyo wakufunzi nao wakatakiwa waingie uchi kama wachezaji.

Nilisimama karibu na madhabahu ile kuliko mahali pengine popote. Mimi nimeolewa miaka 34. Nimefundisha wasichana kukimbia mahali ambapo akina baba walikuja shuleni kuniambia binti yao hatavaa bukta mbele ya watu, nikawashonea kaptura za kufika magotini kutoka kwenye vitambaa vya sare za zamani, na wakakimbia.

Ila wasichana nao walikuwa na siku yao Olympia. Kwa heshima ya mungu wa kike Hera, mabinti wasioolewa walikimbia katika uwanja huohuo, nywele zimeachwa, vazi linaishia juu ya magoti, bega la kulia wazi. Walipunguziwa sehemu moja ya sita ya urefu, ibaki kama mita 160. Mshindi alipewa taji la mzeituni na fungu la nyama ya ng'ombe aliyetolewa sadaka. Sijui kwa nini duniani kote mtu akitaka kuwapa wasichana mbio anaanza kwa kuwapunguzia. Kule kwenye magari ya farasi, Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alipata ushindi mwaka 396 KK na tena 392 KK kwa sababu taji lilikuwa la mwenye farasi, na farasi walikuwa wake.

Kabla ya kuingia kwenye ile njia ya matao, mkono wa kushoto, kuna safu ya mawe ya kukalia sanamu. Yamebaki 16. Mwanangu alitaka tupite, nikamzuia. Hapo zilisimama sanamu za shaba za Zeus, mungu wao mkuu, zilizonunuliwa kwa faini za wadanganyifu. Za kwanza sita zililipiwa kutokana na mashindano ya mwaka 388 KK, pale bondia Eupolos wa Thessaly alipowahonga wapinzani wake watatu. Majina na makosa yaliandikwa, na ziliwekwa hapo makusudi: kila mchezaji anayeelekea uwanjani azipite, azisome, ndipo aingie. Wachezaji walikuwa wameshakula kiapo pia, mbele ya sanamu ya Zeus, juu ya vipande vya nyama ya nguruwe, pamoja na baba zao na kaka zao, kwamba wamejifua miezi kumi na hawatafanya hila. Ukoo mzima unaapa.

Mwaka 2004 michezo ya Athens iliamua kurudisha mchezo mmoja pale Olympia: kurusha tufe. Wanawake nao walishindana, hapo mbele ya ile madhabahu. Watazamaji walikaa kwenye nyasi kama zamani. Na hebu tuangalie yaliyofuata. Aliyeshika nafasi ya kwanza kwa wanawake, Irina Korzhanenko wa Urusi, alikutwa na dawa zilizokatazwa, akavuliwa ushindi siku chache baadaye, dhahabu ikaenda kwa Yumileidi Cumbá wa Cuba. Aliyeshinda kwa wanaume, Yuriy Bilonog wa Ukraine, naye alivuliwa mwaka 2012 sampuli yake ilipopimwa upya, akapewa Adam Nelson wa Marekani. Washindi wote wawili wa siku ile, hatua chache kutoka kwenye yale mawe 16. Nilimsimulia mwanangu pale pale, akanyamaza kimya, halafu akaanza kuyahesabu moja moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Taji la Olympia lilikuwa tawi la mzeituni mwitu uliokuwa nyuma ya hekalu la Zeus. Alilikata mtoto wa kiume ambaye wazazi wake wote wawili wako hai, kwa mundu wa dhahabu. Lilikuwa moja. Nafasi ya pili haikuwapo. Ya tatu haikuwapo. Kati ya wale 20 waliosimama kwenye mawe, mmoja aliimbwa na mji wake ukampokea kwa shangwe, na 19 hawakuwa kitu. Mashairi ya wakati huo yanasema wazi kuhusu vijana walioshindwa wakirudi kwao kwa vichochoro, wanawakwepa watu, mama zao wasiwachekee. Nilifundisha miaka yote nikidhani heshima tunayompa anayejaribu imetoka kwao. Haikutoka kwao.

Mambo mengi tunayodhani ni ya zamani sana si ya zamani. Mwenge, kwa mfano. Sisi Watanzania ukituambia mwenge tunaelewa haraka, maana wetu wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro mkesha wa tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha, na kila mwaka unapita vijijini kwetu. Nimesimama barabarani na wanafunzi mara nyingi tukiusubiri hadi usiku. Kwa hiyo nilipoonyeshwa pale mbele ya hekalu la Hera mahali wanapouwasha mwenge wa Olimpiki kwa kioo cha kukusanya jua, niliuliza tangu lini. Wagiriki walikuwa na mbio za mienge, ndiyo, lakini Athens, si Olympia. Moto uliowashwa Olympia ukapokezanwa na wakimbiaji hadi mji wa michezo ulianza mwaka 1936, michezo ya Berlin, wazo la Carl Diem, mmoja wa waandaaji wake, na utawala wa Hitler ukautumia kujipamba. Wakimbiaji zaidi ya 3,000 waliubeba. Nilikuwa najua habari za 1936, lakini kusimama pale na kujua kwamba sherehe hii nzuri ilizaliwa mikononi mwa watu wale kuliniumiza. Moto wenyewe umewatoka. Mwaka 2008 ulifika Dar es Salaam, kituo pekee barani Afrika kwa safari ile, kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa, na mmoja wa walioushika nitamtaja sasa hivi.

Bendera ya pete tano ni ya 1913, ikapandishwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Antwerp mwaka 1920. Mwaka huohuo wa 1920 ndipo kiapo cha wachezaji kikaanza tena, bila nguruwe na bila baba na kaka. Wachezaji kuingia wamechanganyika siku ya kufunga, bila kufuata nchi, ni barua ya kijana mmoja wa miaka 17, John Ian Wing, aliyewaandikia waandaaji wa Melbourne mwaka 1956. Hiyo naipenda kuliko zote. Barua ya mwanafunzi!

Na marathoni haikukimbiwa Olympia hata siku moja. Ni wazo la Mfaransa Michel Bréal alilompa Pierre de Coubertin, aliyeifufua michezo ya Olimpiki, mwaka 1894, kwa kumbukumbu ya mjumbe anayesimuliwa alikimbia kutoka Marathon hadi Athens na habari za ushindi. Michezo mipya ilipoanza Athens 1896, Spyridon Louis, mchota maji wa Marousi, akaishinda kwa saa 2:58:50, umbali wa kama kilomita 40. Hizi 42.195 zetu zilitoka London 1908, zikawa kanuni mwaka 1921. Mwaka 1896 wa kwanza alipewa medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili shaba, wa tatu hakupewa chochote. Dhahabu, fedha na shaba vilianza mwaka 1904 huko St. Louis. Unaona jinsi walivyokuwa wanasogeza kidogo kidogo? Kutoka mmoja, wakawa wawili, wakawa watatu. Na maneno yanayorudiwa kila mahali, kwamba jambo kubwa ni kushiriki, Coubertin aliyachukua kwenye mahubiri ya askofu Ethelbert Talbot, London, 1908.

Maneno ni maneno tu mpaka apatikane mtu wa kuyabeba. Kwetu alipatikana. Mzee John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, ndiye niliyesema aliushika mwenge Dar es Salaam.

Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Akiwa bado hajafika nusu ya marathoni, katika msukumano wa kugombea nafasi, alianguka. Goti likaumia vibaya, bega likagonga lami. Akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Medali zikatolewa, watu wakaanza kuondoka, giza likaingia. Zaidi ya saa moja baadaye Akhwari akaingia uwanjani, anachechemea, bandeji inaning'inia mguuni, na watu elfu chache waliobaki wakasimama kumpigia makofi. Saa yake: 3:25:27. Walioanza walikuwa zaidi ya 70, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma maili 5,000 kuzimaliza.

Kwa sheria za yale mawe ya Olympia, mtu yule hakuwepo. Kwa sheria zetu, watunza saa walibaki na saa zao mkononi hadi akafika. Walimsubiri. Huo ndio urithi ninaoupenda wa Olimpiki, na una umri wa mama yangu, si wa Koroibos.

Habari hizi za Akhwari nilizisema mara nyingi mstarini asubuhi, mbele ya wanafunzi mia nne, na hasa wiki moja ya Agosti mwaka 1997.

Jumamosi ya wiki ile shule yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya shule tano. Uwanja wetu ulikuwa wa mita 300, mita 400 zisingetosha kwa sababu ya korongo. Wasichana mita 3,000, mizunguko 10. Walianza 14. Mmoja wa kwetu, kidato cha pili, mwembamba, peku, alibaki nyuma tangu mzunguko wa tatu. Wenzake wote wakamaliza, yeye yuko mzunguko wa nane. Mgeni rasmi alikuwa na safari. Zawadi zilikuwa mezani, na upepo ulikuwa unapeperusha vyeti. Ofisa mmoja akaja akaniambia, "Mwalimu, mtoe huyo mtoto tuendelee, muda umekwenda."

Nikapuliza filimbi, nikampungia mkono atoke.

Alisimama. Hakuwa anahema sana, nilikumbuka hilo baadaye. Alikuwa na mwendo wake mdogo na angeufikisha. Akanitazama akasema, "Mwalimu, bado miwili." Alikuwa anahesabu mwenyewe. Nikamwambia, "Nimeona mwanangu, toka tu, umejitahidi." Akatoka. Hakupita mbele ya jukwaa walipokuwa wamekaa wenzake. Alizunguka nyuma ya madarasa, akapotelea kule upande wa mabweni. Jumatatu hakuja mazoezini, wala wiki iliyofuata, wala tena.

Ofisa aliniomba, lakini filimbi ilikuwa yangu.

Baada ya siku ile, kwa miaka yote iliyobaki, hakuna mtoto aliyetolewa kwenye mbio zangu. Nimebishana na wageni rasmi, nimeshika utepe mkononi hadi jua linazama, na walimu wenzangu wakawa wananiita mkaidi. Nilijua kwa nini nafanya vile, lakini sikumweleza mtu. Nilimweleza mwanangu pale Olympia, tukiwa tumekaa kwenye nyasi za ukingo, tunatazama watoto wa Kigiriki wa shule ya msingi waliokuja na mwalimu wao wakipanga miguu kwenye mawe. Mwalimu wao alinyanyua mkono, wakatoka mbio wakipiga kelele. Kitoto kimoja cha mwisho kabisa kilikuwa kinakimbia huku kinafunga zipu ya koti. Mwalimu alibaki kule mwisho amesimama, mkono juu, hadi kilipofika. Mwanangu akaniuliza, "Mama, na yule dada uliandika nini?"

Maana anajua ninavyoandika. Nina madaftari 14 ya matokeo, ya jalada gumu, tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Kila mashindano, kila mtoto, nafasi na saa yake.

Niliporudi nyumbani niliyashusha kutoka juu ya kabati. La 1997 limeliwa na mchwa pembeni lakini linasomeka. Wasichana, mita 3,000. Majina 13 na saa zao, halafu la 14 na neno moja nililoliandika jioni ile kwa kalamu nyekundu: *Hakumaliza*.

Nimelikata kwa rula. Juu yake nimeandika: Alitolewa na mwalimu wake, mzunguko wa 8. Alikuwa ameshakimbia mita 2,100 na zaidi, na alikuwa anaendelea.